Nyayo Darini

Jumamosi iliyopita, saa kumi na moja jioni, nilirudi kutoka msibani nikakuta nyayo za mtoto darini. Si ukutani, ndugu msomaji, darini. Nyayo 11 za matope mekundu zilianzia juu ya mlango wa jikoni, zikaikwepa feni, zikashika njia ya korido, kama vile kuna mtu amemaliza kula na kujiendea zake kulala huku kichwa kikiwa chini. Jipsam ile ilipakwa rangi nyeupe mwezi wa pili. Nilisimama chini ya feni na kofia yangu mkononi, nikaanza kuita majina.

Kwetu tuko wanane, na huwezi kuzielewa nyayo zile mpaka nikutajie wote. Mimi nilifiwa na mke nikabaki na watoto wawili. Kuna Hakimu, binti wa miaka 13, anayekata kesi za nyumba nzima bila kuombwa, na mdogo wake Bonge, wa miaka 9, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuacha kipande cha muhogo kilale. Mama watoto naye alifiwa na mumewe, akaja na watatu. Injinia ana miaka 15 na ameshafungua kila kitu chenye skrubu humu ndani. Kimya ana 10, na ukimsikia anaongea ujue kuna kitu kimevunjika. Swali ana 5, na hajawahi kulala bila kuuliza kwa nini. Hapo tuko saba. Wa nane ni binamu yangu tunayemwita Wiki Mbili, maana alikuja kwa wiki mbili kutafuta kazi na sasa anaingia mwaka wa tatu. Sijamtaja mama mkwe, Bibi Redio, anayekuja kila masika na kutusomea taarifa ya habari ya ukoo wote kuanzia alfajiri. Wala shemeji yangu Kesho, ambaye deni lake, shamba lake na ndoa yake vyote vitashughulikiwa kesho.

Tulipooana, mama watoto aliletwa na kirikuu kutoka Dumila, na juu ya kirikuu kulikuwa na kabati. Lilikuwa la mninga, la vyombo, milango minne ya vioo, alilolinunua kwa fedha zake za kikoba miaka mingi kabla hajanijua. Halikupita mlangoni. Tulilijaribu kwa ubavu, tukalijaribu kwa mgongo, Wiki Mbili akabanwa kidole, Bibi Redio akatoa maelekezo kutoka kwenye kiti chake, na mwisho fundi akaja na nyundo akang'oa fremu ya mlango pamoja na tofali tatu. Kabati likaingia. Likachukua nusu ya sebule. Usiku ule nikasema, kwa upole kabisa, kwamba labda tungeliuza tukapata la saizi ya nyumba.

"Baba Hakimu," akaniambia, "mimi na hili kabati tumekuja pamoja."

Mimi ni mwalimu wa historia, na hapo hapo nilimkumbuka Thomas Lincoln. Wengi tunamjua mwanawe Abraham, rais wa Marekani aliyepigwa risasi mwaka 1865. Mimi siku hizi namfikiria zaidi mke wa pili wa Thomas, maana alifika kwa mumewe na watoto watatu na kabati, akakuta watoto wawili na binamu mmoja. Hesabu utaona wanane. Nyumba ya wanane kama yetu, ila wao walikuwa katika kibanda cha magogo cha chumba kimoja, katikati ya msitu wa Indiana, mwezi wa Desemba.

Jina lake lilikuwa Sarah Bush. Alizaliwa Kentucky mwaka 1788, akaolewa na Daniel Johnston mwaka 1806. Daniel alikuwa mlinzi wa gereza la wilaya pale Elizabethtown. Alifariki mwaka 1816 akamwachia mabinti wawili, Elizabeth na Matilda, na mvulana, John. Huku ng'ambo ya mto Ohio, Thomas alimpoteza mkewe Nancy tarehe 5 Oktoba 1818 kwa ule ugonjwa walioutia jina la maziwa. Ng'ombe alikuwa akila mmea fulani wa porini wenye maua meupe, sumu inaingia kwenye maziwa, na anayeyanywa anatetemeka, anatapika, anakufa. Abraham alikuwa na miaka 9, dada yake 11. Mwaka mzima ukapita, na yule binti ndiye aliyekuwa akipika na kufagia. Hakimu wangu alipika vilevile. Alikuwa akisimama juu ya ndoo iliyopinduliwa ili aufikie mwiko. Sehemu hii ya habari siwezi kuisoma haraka.

Mwishoni mwa 1819 Thomas alirudi Kentucky kumtafuta Sarah, waliyejuana naye tangu ujanani. Inasimuliwa kwamba Sarah alimwambia hawezi kuolewa akiwa na madeni mjini, Thomas akauliza ni ya nani na nani, akazunguka akayalipa, na tarehe 2 Desemba wakafunga ndoa. Nilipomsimulia mama watoto habari hii aliacha kukuna nazi. "Alilipa yote?" akauliza. Nikamjibu yote. Akaendelea kukuna.

Kisha wakapakia. Thomas aliazima gari la farasi wanne kwa shemeji yake, na hapo mimi humwonea wivu, maana shemeji yangu mimi ndiye anayeazima. Ndani ya gari kulikuwa na meza, viti, vyombo vya kupikia, visu na uma, matandiko mazuri, na kabati la droo lililokuwa limemgharimu Sarah dola 40 hivi. Thomas aliona ni anasa ya dhambi, akataka liuzwe. Sarah akakataa. Kabati likavuka mto Ohio.

Sasa fikiria mlango unafunguliwa, na msitu wote ule, na watoto wawili wachafu wamesimama wanamtazama mwanamke wasiyemjua. Mlango wenyewe haukuwa wa maana. Chini palikuwa udongo mtupu, hapana sakafu, na Thomas alikuwa fundi seremala! Mfinyanzi hulia gaeni, sisi tunasema, na wa Indiana walikula humo humo. Sarah hakuanza na hotuba. Aliwaogesha wale watoto, akawavalisha nguo alizokuja nazo, matandiko akayagawa kwa wote, wa kwake na wa Nancy. Halafu akamgeukia mumewe. Ikapatikana sakafu ya mbao, mlango wa kufungika na dirisha.

Katika hadithi tulizosimuliwa utotoni, mama wa kambo hana kazi nyingine isipokuwa kumnyima mtoto chakula. Huyu aliwapakulia sawa. Yeye mwenyewe hakujua kusoma, lakini alipomwona yule kijana mrefu amejikunja na kitabu, alihakikisha hasumbuliwi mpaka aache mwenyewe. Mimi nina shahada ya ualimu na bado sijaweza kumpatia Kimya saa moja ya kusoma bila Bibi Redio kutangaza nani kaugua huko Dumila.

Binamu wa pale aliitwa Dennis Hanks, kijana wa miaka 20, ndugu wa marehemu Nancy. Alilala darini pamoja na wavulana. Mwaka 1821 akamwoa Elizabeth, binti mkubwa wa Sarah, kwa hiyo mgeni wa nyumba akageuka mkwe wa nyumba. Mama watoto aliposikia hayo alimtazama Wiki Mbili kwa muda mrefu sana. Kesho yake akampa gazeti lenye matangazo ya kazi.

Na sasa nyayo. Abraham alirefuka mno, na Sarah alikuwa akimtania kwamba aoge vizuri kichwa, maana matope ya sakafuni atayafuta mwenyewe, ya darini hawezi. Siku moja Sarah hayupo, kijana akamchukua mtoto mdogo aliyekuwa akikanyaga matope nje, akambeba kichwa chini miguu juu, akamtembeza darini. Sarah akarudi, akatazama juu, akacheka. Akamwambia anastahili kuchapwa, jitu zima lile, na Abraham akaenda kuchukua chokaa akaipaka dari upya.

Niliisimulia hii Ijumaa usiku, wakati wa kula, wote tumekaa mkekani na sinia la ugali katikati. Niliisimulia kwa nia njema. Kwa miezi 14 tumekuwa na nyumba mbili ndani ya nyumba moja: wangu upande huu wa sinia, wake upande ule. Hakimu na Injinia walikuwa wakipeana chumvi kwa kupitia kwa mtu wa tatu. Bonge alimwita mke wangu Anti, kwa adabu, kila siku, na kila siku nilimwona mama watoto akiitikia bila kubadilisha uso. Usiku ule niliona wanatazamana wote watano, nikafurahi, nikadhani historia imewagusa.

Imewagusa kweli. Uchunguzi wangu wa Jumamosi, nao niliufanya mmoja mmoja, ulitoa haya. Injinia alipanda juu ya meza ya kulia na kumbeba Swali kwa kiuno, kichwa chini. Wiki Mbili, mtu mzima, alishika meza na kuisukuma hatua kwa hatua. Matope aliyachanganya Kimya, akapima yasiwe mazito yakadondoka wala mepesi yakachuruzika. Hakimu alielekeza njia na kuamua feni izungukwe kwa kushoto. Bonge alishika ndoo. Nikauliza nani aliwaruhusu. Hakimu akajibu kwamba jambo hilo limeshafanyika katika familia ya rais na nililieleza mimi mwenyewe bila kulikemea. Swali akauliza kwa nini mimi sikupandishwa nilipokuwa mdogo.

Nilikuwa nimevuta pumzi ya kuanza kugomba pale mama watoto alipoingia, anatoka kikoba, mkoba begani na mfuko wa dagaa mkononi. Hakuna aliyesema neno. Alifuata macho yetu, akatazama juu, akazifuata zile nyayo taratibu kutoka jikoni hadi korido huku shingo imemkunjika. Bonge akamwahi. Nilikuwa karibu naye, nililiona tone la matope likining'inia kwenye kidevu chake.

"Mama," akasema, "mimi nilishika ndoo tu."

Mke wangu aliweka dagaa juu ya kabati. Akakaa kwenye mkono wa kochi, akacheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na sikuweza kujua machozi yale ni ya kucheka tu au vipi. Bonge hakujua amesema nini. Alidhani amesamehewa, akauliza kama dagaa watapikwa leo.

Miaka mingi baadaye, akina Lincoln walipokuwa wamehamia Illinois na Thomas ameshafariki, yule John, mtoto wa Sarah wa kumzaa, alitaka kuliuza shamba ahamie Missouri. Namfahamu sana John. Kwetu anaitwa Kesho. Mwaka 1851 Abraham, sasa wakili, alimwandikia barua kali. Alimwambia ekari 40 za upande wa mashariki atazishikilia kwa ajili ya mama maadamu yu hai. Aliandika mama, basi. Hakuweka neno la kambo. Na Januari 31, 1861, akiwa ameshachaguliwa kuwa rais, alisafiri baridini kwenda kumuaga. Sarah hakutaka achaguliwe, aliogopa watamdhuru. Septemba 1865 William Herndon, aliyekuwa na ofisi moja ya uwakili na Lincoln, alimfuata bibi yule kumuuliza habari za marehemu. Sarah akamwambia kwamba John alikuwa kijana mwema na Abe pia, lakini Abe ndiye mtoto bora kuliko wote aliowahi kuwaona. Alisema hayo juu ya mtoto wa Nancy. Alifariki mwaka 1869.

Tukirudi kwetu Kihonda, Jumapili ilikuwa siku ya chokaa. Nilitaka nyayo zifutwe kwa kitambaa kikavu. Bibi Redio akasema kitambaa kiloweshwe. Injinia akasema atumie pampu ya kunyunyizia dawa ya mahindi, kazi iishe upesi. Nilikuwa mmoja dhidi ya wote, nikaenda kusahihisha madaftari. Saa nane mchana nilisikia Kimya anaongea, nikajua. Jipsam haipendi maji. Ubao mzima juu ya meza ulikuwa umevimba na kulegea kama tumbo la chandarua kilichojaa mvua, na wote walikuwa wameusimamia chini kwa mafagio mawili na mwiko wa ugali, Hakimu ameshika fagio moja na Injinia lingine, wanaelekezana bila mtu wa tatu.

Mafagio yapo pale mpaka leo, tunayashika kwa zamu. Kwa hiyo nakuomba, msomaji, kama unamjua fundi wa jipsam hapa Morogoro mwenye ngazi yake, mwelekeze kwetu kabla mvua haijarudi. Aje na ubao mmoja na fremu ya mlango, kwa sababu ile ya zamani hatujairudishia. Nyayo tatu za karibu na korido aziache, mama watoto amesema. Na akiingia apite kulia, kushoto kuna kabati, nalo halisogezwi.