Tomaso Angenunua Mhogo Kenton

Jumamosi moja dukani Kenton Road, London, tulibishana, mimi na muuza duka, mzee wa Kigujarati mzaliwa wa Kisumu: mtume yupi angeuweza mtaa huu? Yeye ni Mhindu, na huniita kijana ingawa nina miaka hamsini. Nikamtaja Tomaso. Sababu zangu, tukianzia mkiani:

5. Alikuwa pacha. Ndiyo maana ya jina lenyewe kwa Kiaramu. Pacha wa nani, Injili haisemi. "Basi aliyekosekana ile jioni ya ufufuo ni yeye au mwenzake?" mzee akauliza. Sikuwa na jibu.

4. Hakuwa mwoga. Yesu alipoamua kurudi Uyahudi, walikotaka kumpiga mawe, Tomaso ndiye aliyewahimiza wenzake waende wakafe naye. Mbona hatumwiti Tomaso Jasiri?

3. Fundi wa maneno. Matendo ya Tomaso, kitabu cha karne ya 3 kisichomo katika Biblia, kinasema mfalme Gundaphar wa India alimpa fedha za kumjengea jumba, naye akazigawa kwa maskini. Mfalme kuja kukagua, hata tofali moja hakuna! Jumba liko mbinguni, akaambiwa. "Fundi aliyenijengea jiko naye ni mtume," mzee akaguna. Mfalme mwenyewe si wa kubuni: sarafu zenye jina lake zipo.

2. Alijua pepo. Wakristo wa Kerala wanashikilia kwamba aliwasili kwao mwaka 52. Kuthibitisha ni kazi, ila njia ilikuwepo: pepo za msimu, zilezile zilizomleta babu wa mzee huyu Mombasa kwa jahazi. Mwaka 1498 watu wa Vasco da Gama waliwakuta Wahindi Malindi, wakadhani ni Wakristo. "Hata hapa Kenton wanatuchanganya," akasema mzee.

1. Alitaka kuona. Kwa hilo tu akabandikwa jina la mwenye shaka, ilhali wenzake walikwisha kuonyeshwa mikono na ubavu wa Yesu, Tomaso akiwa hayupo. Aliomba fungu lake tu! Tazama mhogo, ambao Wagujarati wa huku bado wanauita mogo, neno walilolibeba toka kwetu. Hufika umepakwa nta, unang'aa kama kiatu cha mhubiri, kumbe ndani una michirizi myeusi. Mzee akavunja ncha ya mmoja, akanionyesha weupe wake. Nikachukua wa pili, nikauvunja.

"Tomaso," akasema, "huo utaulipia."