Kila Sanduku Limetoka Kiliba

Hapa Mulongwe, mjini Uvira, hakuna sanduku la fundi ambalo halikutoka Kiliba. Muulize muuzaji yeyote. Liwe la mbao, liwe la bati, liwe hata la plastiki lililovuka mpaka mwaka jana kutoka Bujumbura na bado linanuka duka, atalipiga kofi mgongoni, atatazama kaskazini, kisha atashusha sauti: "Hili lilikuwa la karakana ya kiwanda cha sukari, papa." Kiwanda hicho kilijengwa miaka ya 1950 kwenye bonde la Ruzizi, kikasimama 1996 vita vilipofika, na tangu hapo kinazaa masanduku. Kama yote yanayouzwa kwa jina lake yangekuwa ya kweli, pale Kiliba pasingebaki hata kitalu kimoja cha kupanda muwa.

Mimi hununua masanduku hayo, nayang'oa kutu, nanyoosha mabati, nabadilisha ribiti za bawaba, napaka rangi. Mke wangu ana jina lake kwa shughuli hii, ila mbele ya watoto huiita "kazi ya baba yenu".

Njia ya kweli ya kujua sanduku limetoka wapi ni kulikwangua. Juu kabisa utakuta rangi iliyobaki baada ya mtu kupaka mlango wake. Chini yake nyeupe, ile inayopendwa na mashirika ya misaada. Chini ya nyeupe kuna kijani, na chini ya kijani, ukiwa na bahati na msasa laini, herufi. Moja langu lilinitolea S.N.C.Z., yaani shirika la reli la enzi za Zaire, ambalo leo tunaliita SNCC na kulikuta kwenye bandari ya Kalundu. Nchi iliitwa Zaire kuanzia 1971 hadi 1997, kwa hiyo sanduku lile lina ushahidi wa umri ulio bora kuliko wangu. Vyeti vyangu viwili havikubaliani hata mwezi niliozaliwa.

Spana zilizosahaulika ndani nazo husema. Ukikuta ya 13 na ya 17 zimelika midomo, mwenyewe alitengeneza magari ya Ulaya. Wajapani wanapenda boliti za 12 na 14, na kwa kuwa siku hizi barabara ya Uvira ni ya Toyota, spana za namba hizo ndizo zinazokopwa bila kurudi, huku ya 13 ikibaki inang'aa kwa kukosa kazi. Ukikuta za inchi, jua palikuwa na Land Rover ya zamani au Bedford. Nusu inchi ni milimita 12.7, na hapo ndipo fundi mwenye haraka alipokuwa akishika ya 13, akiichezesha mpaka kichwa cha boliti kikawa mviringo na gari likawa mali ya mchomeleaji.

Halafu kuna majina ya viwanda. Facom ni ya Paris, ilianzishwa 1918. Gedore ni ya ndugu wa ukoo wa Dowidat huko Remscheid, Ujerumani, 1919. Jina kama hilo likionekana limegongwa kwenye chuma, bei inapanda papo hapo, na wauzaji wanalijua hilo. Niliwahi kuonyeshwa sanduku lililoandikwa FACON, herufi zimechorwa kwa ncha ya msumari. Nikamwambia kijana kwamba herufi ya mwisho siyo hiyo. Hakuona haya hata kidogo. Aliniomba nimwazime msumari.

Lakini sanduku lililonipa heshima mtaani ni lile la kijani. Lilikuwa refu, zito, limefungwa kwa kufuli, na ufunguo, nilivyoambiwa, ulikwenda na marehemu. Ukilitikisa, halitikisiki. Muuzaji akaniapia kwamba uzito ule wote ni spana za Wabelgiji. Tukalifunga nyuma ya pikipiki, tukashika njia ya nyumbani, tukafika kwenye kizuizi.

Sasa, inabidi msomaji aelewe jambo moja kuhusu masanduku ya kijani katika nchi yetu. Mafundi wengi huweka vyombo vyao kwenye masanduku ya zamani ya risasi, na wana haki: yana mpira kwenye mfuniko, maji hayaingii, na wale wanaotengeneza mota za mitumbwi huko ufukweni hawataki kingine. Tatizo ni kwamba hata wale wanaoweka risasi huyapenda kwa sababu hiyo hiyo.

"Mule ndani kuko nini?" akauliza askari.

Hapo mtu mwenye akili angesema spana. Lakini mimi nilikuwa sijaziona hizo spana, na mama yangu alinilea nisiseme nisichokiona. "Sijui," nikajibu.

Dereva wangu wa pikipiki alishuka taratibu, akasogea kando, akaanza kunitazama kama watu wengine wote waliokuwa wakinitazama. Nikaambiwa nifungue. Nikasema sina ufunguo. Nikaulizwa sanduku ni la nani. Nikasema ni langu. Nikaulizwa mwenye ufunguo yuko wapi. Nikasema amekufa. Kila jibu lilikuwa la kweli na kila jibu lilinizamisha. Mama mmoja mwenye beseni la ndagala kichwani alinitetea, akisema ananifahamu, mimi ni yule mtu wa mabati na si mzima sana. Utetezi huo niliupokea.

Wakaleta mtaimbo. Wote tukarudi nyuma, hata yeye aliyeushika alinyoosha mikono kadiri ilivyofika. Kufuli likakatika, mfuniko ukanyanyuka, na ndani hapakuwa na risasi wala spana. Palikuwa na saruji. Mtu alihifadhi mfuko wake humo, unyevu ukaingia, ikaganda kufuata umbo la sanduku, pembe zote nne, hata alama za bawaba. Kwenye kona moja, mpini wa bisibisi ulikuwa umechomoza.

Askari aliinama, akagonga saruji kwa ukucha, akanitazama kwa huruma ambayo sijaiona tena kwenye kizuizi chochote. "Pole, mzee," akasema. "Pita." Hakuomba hata maji.

Bisibisi ile niliipata baada ya kuvunja kwa patasi. Ilikuwa imepinda.

Kutu ndiyo vita yenyewe, na hapa kwetu ziwa likiwa upande mmoja na milima upande wa pili, kutu haina likizo. Masanduku mengi ninayoletewa sasa yana pia mchanga mwembamba uliokaa ndani ya bawaba. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe na mito mingine ya mji ilivunja kingo, ikabeba nyumba na watu. Kwenye habari hiyo sina ucheshi. Bawaba za namna hiyo nazisafisha polepole na simpunguzii mtu bei.

Kwa kutu ya kawaida, kuna mazutu na brashi ya waya, kuna ndimu, kuna siki. Kuna pia mawese, ambayo jirani yangu aliniapia kwamba hulinda chuma, na ni kweli. Nilipaka sanduku zima, likang'aa, na asubuhi likawa limelambwa na panya hadi kwenye pembe.

Ndipo shemeji yangu, anayefundisha kemia, alipoamua kuniokoa. Umeme, akasema. Unaweka chuma chenye kutu ndani ya beseni la maji yenye magadi, unakiunganisha na upande wa hasi wa betri, na upande wa chanya unaunganisha kipande cha chuma kisicho na thamani. Mkondo unapita, mapovu yanatoka, kutu inalegea. Lazima iwe nje, maana mapovu yale ni haidrojeni na hayataki sigara karibu. Elimu nzuri kabisa, na inafanya kazi. Nimeiona ikifanya kazi.

Betri iliyokuwepo ilikuwa ya sola, ile ambayo mke wangu huchajia simu za watu wa mtaa kwa malipo. Shemeji alisubiri giza, akaunganisha waya kwa mwanga wa tochi, akaenda kulala. Alfajiri tulikuta kipande cha nondo kimetakata kama kimetoka dukani. Mfuniko wa sanduku, ambao tangu awali ulikuwa mwembamba, sasa ulikuwa na matundu ya kuchujia chai. Hasi na chanya zilibadilishana mahali. Betri ilikuwa tupu, simu za watu zilikuwa tupu, na wenye simu walikuwa wamejaa uani wakitaka maelezo.

"Kemia haikukosea," shemeji aliwaambia. "Waya ndiyo ilikosea." Mzee mmoja akamuuliza kama kemia hiyo inaweza kuwapigia simu wateja wake wa Baraka.

Kati ya yote, moja tu lilitoka jinsi nilivyoliota: la chuma, la trei tano. Ukivuta mishikio, trei mbili hupanda kila upande kama mabawa ya kuku anayefukuzwa, na chini hubaki chumba kirefu cha nyundo na koleo. Nilinyoosha mikono yake yote, nikapaka rangi nyekundu, nikaweka grisi kidogo kwenye kila ribiti. Likawa linafunguka bila sauti. Nikaliweka sebuleni ili wageni walione, na mgeni wa kwanza akawa mama mkwe.

Mama mkwe huuza mikate karibu na soko. Kwa desturi yetu, mkwe wake wa kiume hasemi naye ovyo, hamkatizi, na hamnyimi. Alilifungua, akalifunga, akalifungua tena. Kesho yake lilikuwa sokoni.

Nilipita kuliona kwa mbali. Trei ya kwanza: faranga za Kongo. Ya pili: faranga za Burundi. Ya tatu: dola, zimelala zimenyooka, maana dola yenye mpasuko wa nywele hapa hakuna anayeipokea. Ya nne: majina ya wadeni. Chini kwenye chumba cha nyundo, mikate ya moto imefunikwa kitambaa. Nimesoma mengi kuhusu Remscheid, na sidhani kama kuna mtu huko aliyewahi kulielewa sanduku hilo vizuri namna hiyo.

Kulidai siwezi. Nilimtuma mke wangu aulize kwa upole litarudi lini, akarudi na jibu kutoka kwa mama yake. Kwamba mkwe wake ana mikono mizuri, Mungu ambariki. Kwamba noti ndogo za Kongo ni nyingi mno na trei ya kwanza haitoshi. Kwamba atakapokwenda tena kuchukua masanduku yake huko Kiliba, achague lenye trei pana.