Namna ya Kuifikishia Programu Habari Ikiwa Imeshavuka Daraja

Kwanza, toka Kasese asubuhi na mapema. Ukifika Kikorongo kata kulia, pita Kinyamaseke, shuka Bwera, kisha nenda kwa miguu mpaka kwenye daraja la mto Lhubiriha. Usifungue kompyuta bado. Simama utazame watu wanaovuka kwenda Kasindi, upande wa Kongo.

Kila mmoja amebeba alichofungashiwa nyumbani: kitambulisho, pesa, maagizo ya mama. Akishafika ng'ambo, hata ukibadilisha maagizo ukayaandika ukutani Bwera kwa herufi za urefu wa mtu, hayaoni. Programu ndivyo ilivyo. Tangu Unix toleo la 7, mwaka 1979, programu ikizaliwa hupewa na mzazi wake nakala ya vigeu vya mazingira: lugha, njia, saa za eneo. Ni nakala hasa. Mzazi akibadili chake, mtoto hana habari. Mtoto akibadili chake, mzazi hana habari.

Sasa ingia dukani. Mama mmoja wa duka la jumla ana stoo Kasindi. Kompyuta yake ya Linux, iliyoko Bwera, inaendesha programu mbili za risiti, moja ya duka na moja ya stoo. Saa tatu asubuhi Bwera ni saa mbili Kasindi, lakini risiti zote ziliandika saa ya Uganda. Kijana wa stoo anafungua saa mbili kamili, karatasi inasema saa tatu. Alikuwa ameanza kuitwa mvivu. Kubadili saa ya kompyuta nzima kwa ajili yake kungeharibu risiti za duka. Kilichotakiwa ni kigeu kimoja, TZ, kile cha saa za eneo, kwa programu moja.

Mpwa wa mama alikuwa ameandika skripti, mazingira.sh, yenye mstari huu:

export TZ=Africa/Lubumbashi

Akaiendesha kwa ./mazingira.sh. Risiti hazikubadilika. Akairudia mara tano, kila mara akibonyeza kwa nguvu zaidi.

Ukiiendesha hivyo unazaa sheli mpya, yaani programu inayopokea amri, nayo inavaa saa ya Kongo na kufa nayo papo hapo. Andika . ./mazingira.sh, yaani nukta, nafasi, kisha jina la faili. Kinukta hicho cha mwanzo kinaiambia sheli uliyomo iisome skripti yenyewe. Neno export nalo usiliache, la sivyo kigeu kitabaki mfukoni mwa sheli na mtoto ataondoka bila kuwa nacho. Faili ikiwa na mistari mingi isiyo na export, tanguliza set -a kabla ya kuisoma, ufunge kwa set +a.

Kisha zima programu ya stoo, uiwashe upya kutoka sheli hiyohiyo. Najua hukutaka kusikia hilo. Utapata mtu wa kukuonyesha njia ya panya: kuikamata programu inayotembea kwa gdb na kuiita setenv ndani yake. Inawezekana. Lakini programu nyingi husoma kigeu mara moja tu zinapoamka, kwa hiyo utakuwa umebadilisha karatasi ambayo haisomwi tena, tena kwenye mashine inayoshika pesa za watu. Subiri jioni duka lifungwe. Programu isiyoweza kuzimwa iwe imeandikwa tangu mwanzo kusoma upya faili yake ya mipangilio ikipewa ishara ya HUP.

Ikiwa programu inawashwa na systemd, msimamizi wa huduma za Linux, sheli yako haina usemi kabisa. Weka kigeu kwenye faili iliyotajwa na EnvironmentFile, bila neno export, na usitegemee $(…) ifanye kazi humo, maana hapo hakuna sheli ya kuitekeleza.

Halafu hakikisha kwa macho yako. Tafuta namba ya programu, tuseme 2417:

tr '\0' '\n' < /proc/2417/environ

Hapo unaona mzigo uleule iliofungashiwa ilipoondoka. Angalia herufi moja moja. Mtu akiandika TZ=Africa/Bwera kwa mapenzi ya kwao, kompyuta hailalamiki: amri ya date itatoa saa ya UTC, nyuma ya Uganda kwa saa tatu, na penye jina la eneo itaandika Africa tu. Faili iliyohaririwa kwenye Windows nayo huacha alama isiyoonekana mwishoni mwa mstari, ikaharibu jina vilevile. Kimya cha namna hiyo ndicho kinachomponza kijana wa watu.

Asubuhi iliyofuata saa ya ukutani Bwera ilisoma saa tatu na dakika nne. Risiti ya kwanza ya stoo ikatoka imeandikwa 08:04. Mama aliishika akaisoma mara mbili, kisha akapiga simu Kasindi. “Mwanangu,” akasema, “umefungua mapema.”