Nimependa Filamu Mbovu, Nifanyeje?

Barua ya kwanza wiki hii imetoka Mbugangari, hapa Rwanda. Mwandishi wake, kijana anayejitambulisha tu kuwa ni fundi simu, anasema aliitazama Bright mara mbili mfululizo na kucheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kesho yake binamu yake anayesoma Kigali akamwonyesha kwenye simu kwamba David Ehrlich, mhakiki wa IndieWire, aliitaja filamu hiyohiyo kuwa mbovu kuliko zote za mwaka 2017. Tangu siku hiyo fundi chakula hakimpandi. Anauliza kama kasoro iko machoni au kichwani.

Apewe pole kwanza, kisha aambiwe ukweli: binamu hakudanganya. Bright ilitolewa na Netflix tarehe 22 Desemba 2017, ikiongozwa na David Ayer, huku gharama yake ikitajwa kuwa dola milioni 90 hivi. Will Smith ni Daryl Ward, askari wa Los Angeles aliyechoshwa na kila kitu, hata na mwenzake. Mwenzake huyo ni Nick Jakoby, zimwi la kwanza kuvaa sare ya polisi wa jiji hilo, na ndani ya ngozi ile ya bandia yumo Joel Edgerton. Usiku mmoja wanakuta fimbo ya uchawi, na jiji zima linawaandama: magenge, mazimwi, hata polisi wenzao. Wahakiki hawakuihurumia. Kwenye tovuti ya Rotten Tomatoes, ni kama robo tu ya hakiki zilizoisifu. Lakini zaidi ya asilimia 80 ya watazamaji waliopiga kura palepale waliipenda, na kampuni ya kupima utazamaji ya Nielsen ilikadiria kuwa watu milioni 11 Marekani waliitazama katika siku tatu za mwanzo. Fundi ana wenzake wengi, wala hakuna habari kuwa wote walipelekwa kupimwa macho.

Asichopaswa kufanya ni kumkimbilia binamu na hoja za kuthibitisha kwamba filamu ni nzuri. Atashindwa. Hadithi imejaa matundu, unabii unatajwa na kuachwa, na nusu ya pili ni risasi juu ya risasi. Bora akiri kwamba alichokipenda ni watu wawili ndani ya gari. Ward anaua kijini chenye mabawa kwa ufagio, mbele ya nyumba yake, majirani wakikodoa macho. Jakoby anafungulia muziki wa kelele za kutisha, kisha anaeleza kwa upole kabisa kwamba huo ni wimbo wa mapenzi. Jakoby huyohuyo amekata pembe za meno yake ili afanane na binadamu, na sasa binadamu hawamtaki na mazimwi wenzake wanamtemea mate. Watu wawili wasiopatana kulazimishwa kufanya kazi pamoja ni mtindo uliokuwa tayari na mashabiki wake mwaka 1982, Eddie Murphy na Nick Nolte walipotoka na 48 Hrs. Smith mwenyewe aliula kwa mtindo huo kwenye Bad Boys mwaka 1995 na Men in Black mwaka 1997. Mtu akiupenda wali, haulizi kila siku kwa nini ni wali tena.

Kuna jambo moja ambalo safu hii haitalifanyia utani. Ndani ya filamu, mazimwi wanachukiwa kwa sababu mababu zao walimfuata Bwana wa Giza miaka 2,000 iliyopita, na wenye masikio yaliyochongoka wanakaa mitaa ya matajiri. Wahakiki walilalamika kwamba mfano huo wa ubaguzi ni wa juujuu. Msomaji wa Rwanda hahitaji kuelezwa hilo na mtu wa New York. Huku Wabelgiji waliandika kabila kwenye vitambulisho miaka ya 1930, na halikufutwa mpaka baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Anayejua watu wanavyoweza kupangwa kwa umbo la pua anaona mara moja kwamba Ayer ameushika moto kisha akautupa na kukimbilia bunduki. Fundi anaruhusiwa kukunja uso hapo na kucheka kwenye ufagio. Uso ni wake.

Barua ya pili ni ya mama anayevusha nyanya kwenda Goma kupitia mpaka wa Petite Barrière. Shemeji yake wa ng'ambo hutazama filamu kwa Kifaransa tu, na amemtangazia kwamba agasobanuye si sinema, ni mtu anayepiga kelele juu ya sinema. Mama ameumia. Filamu hiyohiyo ya zimwi aliitazama kwa agasobanuye, na anataka jibu la kumpelekea shemeji Jumamosi.

Jibu lipo, tena refu. Kwenye agasobanuye, msimuliaji hupunguza sauti za waigizaji, akaeleza kwa Kinyarwanda kinachoendelea, akaongeza mzaha na kumkaripia jambazi kabla hajafyatua. Nkusi Thomas, maarufu kama Yanga, alijenga jina kwa kazi hiyo kabla ya kufariki mwaka 2022. Mdogo wake Junior Giti aliifuata njia ileile, na Rocky Kimomo naye ana wafuasi wake. Waganda wana VJ Jingo na VJ Junior, Kenya ina DJ Afro, na Dar es Salaam waliokulia kwenye mikanda ya video hawajamsahau Lufufu. Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala, hakungoja wengine waisimulie filamu yake ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?: nakala iliyosambaa duniani ina sauti ya VJ Emmie ndani yake, na wageni wengi huipendea hiyo sauti kuliko hadithi.

Kwa hiyo Ehrlich hakutazama alichotazama mama huyu. Filamu ya askari wawili hufaidika na msimuliaji kuliko nyingine yoyote, maana utamu wake uko kwenye maneno, na sasa garini wamekuwa watatu. Hasara ipo pia: msimuliaji hajui kunyamaza, na huzuni ya Jakoby inahitaji ukimya kidogo. Hilo mama akubali bila ubishi. Kisha amuulize shemeji kwa adabu zote kama Will Smith alizaliwa Lyon, au Kifaransa kile nacho ni cha mtu mwingine anayezungumza juu yake.

Barua ya tatu ni fupi. Kijana aliyenakiliwa Bright kwenye flashi ya kuazima anauliza kama arudishe flashi sasa au asubiri sehemu ya pili ijazwe humohumo. Airudishe. Netflix ilitangaza mwendelezo Januari 2018 na kuachana nao mwaka 2022. Kilichotoka ni katuni ya Kijapani ya mwaka 2021, Bright: Samurai Soul, ambayo Will Smith hamo. Na kwa kuwa barua yenyewe inakiri kwamba flashi iliazimwa kabla ya Pasaka, aende nayo na burusheti mbili za mbuzi, za moto.