Mwalimu, Tunakuheshimu, Lakini Toka

Wapo wanaodhani kwamba timu ya taifa ya Kongo inaongozwa na Mfaransa aitwaye Sébastien Desabre. Si kweli. Inaongozwa kutoka Lulimba, kwenye sinema moja ya mbao na mabati kando ya barabara ya Misisi. Desabre anapanga wale kumi na mmoja tu. Mengine yote ni kazi yetu: nani akae benchi la mbele, nani avae ile jezi ambayo haijafuliwa tangu ushindi uliopita, nani aruhusiwe kwenda kujisaidia, na dakika ya ngapi.

Sinema yenyewe ni televisheni moja iliyofungwa kwa waya ili siku ya goli mtu asije akaikumbatia, dishi juu ya paa, na jenereta nyuma ya ukuta, ambayo ikianza kukohoa watu wote humgeukia mwenye sinema kana kwamba ndiye mgonjwa. Wachimbaji wa dhahabu hufika moja kwa moja kutoka mashimoni, matope yamewakaukia magotini, nao ndio wenye benchi la mbele kwa kuwa hulipa bila kudai chenji. Sisi walimu tunakaa nyuma karibu na mlango, kwa sababu ambazo serikali inazijua.

Mlango huo ndio ulioniponza. Septemba 9, 2025, Kongo ilicheza na Senegal kwenye Stade des Martyrs, Kinshasa, kutafuta njia ya Kombe la Dunia. Bakambu akafunga, Wissa akafunga. Dakika ya 33 tulikuwa tunaongoza mbili bila, na mchimbaji mmoja alikwisha kuahidi benchi zima bia ya Primus. Nikaona mambo yametulia, nikatoka nje kidogo. Nikiwa kule nyuma ya ukuta nikasikia sinema imenyamaza. Watu wengi vile wakinyamaza kwa pamoja, huna haja ya kuuliza. Pape Gueye alikuwa amefunga. Niliporudi ndani hakuna aliyekuwa akitazama televisheni, macho yote yalikuwa kwangu. Kipindi cha pili Jackson akasawazisha, na dakika ya 87 Pape Matar Sarr akatumaliza. Tatu kwa mbili, nyumbani kwetu.

Kesi ilianza wachezaji hawajavua hata viatu.

“Mwalimu,” akaanza mzee wetu, ambaye ndiye hakimu wa mambo haya, “ulitoka saa ngapi?”

“Papa, kila mtu hutoka.”

“Sikukuuliza habari za kila mtu.”

Nikajitetea kwamba Senegal ina wachezaji wazuri. Kijana mmoja akajibu kwamba hata sisi tulikuwa nao, mpaka nilipotoka. Hoja hiyo haikupata wa kuipinga. Hakuna aliyemtaja kipa, wala mabeki, wala Desabre. Hao wako mbali, ukiwatukana hawasikii. Mimi nilikuwa hapohapo, nasikia vizuri.

Nimelifikiria sana jambo hili, hasa nikiwa nje. Mtu ametoa faranga zake, amepiga kelele dakika tisini mpaka koo limekauka. Utamwambiaje kwamba angelala kwake matokeo yangekuwa yaleyale? Hawezi kukubali. Afadhali sinema nzima iwe na hatia kuliko iwe haina kazi. Na ikishakubalika kwamba sinema ndiyo inayocheza, lazima apatikane aliyecheza vibaya.

Wala si jambo geni kwetu. Mwaka 1965 Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kuja kuwasaidia waasi wa huku Fizi. Alifika mpaka milima inayoitazama Lulimba, waasi wakiwa juu, jeshi la serikali chini, na wa juu hawana haraka ya kushuka. Kilichomshangaza zaidi ni dawa. Mpiganaji alipakwa dawa, na risasi ya adui ingegeuka maji, ila kwa masharti: asichukue cha mtu, asiguse mwanamke, asiogope. Akipigwa risasi akafa, dawa haina kosa. Marehemu aliiba, au alikwenda kwa mwanamke, au aliogopa, na marehemu hana namna ya kukata rufaa. Che aliyaandika hayo katika kitabu chake cha vita vya Kongo, na Novemba ya mwaka uleule akavuka ziwa kurudi alikotoka. Daktari mzima, amesoma Argentina, asitambue kwamba alikuwa ameukuta ushabiki wa mpira umekamilika, umepungukiwa mpira tu.

Hakimu wetu ana kesi yake mwenyewe, ya tangu 1974, alipokuwa kijana mwenye redio. Zaire ilikuwa bingwa wa Afrika, imekwenda Kombe la Dunia Ujerumani, na kule Gelsenkirchen Yugoslavia ikatufunga tisa bila. Mzee anamjua mwenye kosa: kocha Blagoje Vidinić, ambaye alikuwa Myugoslavia. Tukiwa tumekwisha kufungwa matatu, na hata nusu saa haijafika, alimtoa kipa Kazadi akamwingiza Tubilandu. Ushahidi huu mzee huutoa kila mwaka, na mpaka leo hajatokea wakili wa Vidinić. Lakini anayenifurahisha mimi katika mechi ile ni refa, Mkolombia. Mwepu Ilunga alimpiga teke, naye akageuka akamtoa nje Ndaye Mulamba, ambaye miezi michache kabla alikuwa amefunga mabao tisa katika Kombe la Afrika kule Misri, na kwenye teke lile hakuwamo. Refa yule angepita Lulimba tungempa uenyekiti wa sinema.

Sehemu nyingine ya ugonjwa tulirudi nayo kutoka ng'ambo ya ziwa. Vita vya 1996 vilituvusha kwenda Kigoma, na watoto wengi wa Fizi walisomea Nyarugusu na Lugufu. Lugufu ilipofungwa 2009, watu walirudi na masufuria, maturubai na Yanga. Wengine walirudi na Simba. Nyumba moja ya Kibembe, baba Simba, mama Yanga, na Dar es Salaam, zinakotoka timu hizo, hawajawahi kuiona hata kwa mbali. Novemba 5, 2023, Yanga ilipoitandika Simba tano kwa moja, mawili yakiwa ya Maxi Nzengeli, Mkongomani mwenzetu, shemeji yangu mwana Simba alikaa uani na hasira zake, hajui azipeleke wapi. Kumlaumu Maxi ni kuilaumu nchi. Mwishowe akaligundua kosa: mkewe alipika dagaa, na anajua kabisa siku ya Simba hupikwa sombe. Dada yangu, ambaye ni Yanga, alisikiliza mashtaka yote kisha akasema kwamba mechi ijayo pia ni dagaa.

Kufungwa kumoja tu ndiko ninakokumbuka hakukutafutiwa mwenyewe. Februari 7, 2024, nusu fainali ya Kombe la Afrika, Côte d'Ivoire ilitutoa kwa bao moja la Haller. Kabla ya mpira kuanza, wimbo wa taifa ukipigwa, wachezaji wetu walifunika midomo kwa mkono mmoja, na wa pili wakaelekeza vidole viwili kichwani kama bunduki, ili dunia itazame yanayotendeka huku mashariki. Sisi ndio mashariki yenyewe. Mechi ilipokwisha watu waliinua benchi wakazipanga ukutani, jambo ambalo huwa halifanyiki, wakaenda zao.

Basi, Novemba 2025 ikafika, na Kongo ikapewa nafasi nyingine ya kutafuta Kombe la Dunia: Cameroon kwanza, kule Rabat. Siku hiyo malaria ilikuwa imenilaza. Mbemba akafunga dakika ya 91, moja bila. Asubuhi nikaona ujumbe wa wazee na vijana unaingia uani, nikaguswa, nikamwambia mama watoto alete viti. Waliniuliza hali, wakanipa pole, wakatazamana. Kisha mzee akauliza kwa upole kama kuna uwezekano wa kuendelea kuumwa mpaka Jumapili, maana Jumapili ni Nigeria.

Kwa bahati mbaya dawa za zahanati zilifanya kazi. Jumapili usiku niliingia nimeshusha kofia mpaka kwenye nyusi, nikajibanza nyuma ya mtu mnene. Dakika ya tatu Onyeka akaifungia Nigeria. Vichwa vikageuka vyote.

“Mwalimu,” akasema kijana ambaye nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe, “tunakuheshimu sana. Umetulelea watoto. Lakini toka.”

Nikatoka. Dakika ya 32 Elia akasawazisha, nikasikia mabati yanataka kuondoka. Tangu hapo kurudi ndani hakukujadiliwa tena. Nilikaa na mama anayeuza maandazi mbele ya mlango, mwenye jiko lake na redio ndogo ya betri aliyoifunga kwa mpira wa baiskeli. Alinipa kiti cha heshima, akasema nisiondoke, ninasaidia. Mpira ukapita dakika tisini, ukapita mia na ishirini, ikafika penalti. Mwenye sinema alikuwa amenunua mafuta ya dakika tisini. Penalti zikiwa katikati, jenereta ikakohoa, ikakata.

Siwezi kuieleza kelele ile. Wengine walikuwa wakinyonya petroli kwenye pikipiki kwa mpira, wengine wakimtafuta mwenye sinema, ambaye kwa busara alikuwa amekwisha kulijua giza kabla yao. Na huku nje, kwenye redio ya mama maandazi, sisi wawili tulisikia yote: Fayulu, aliyeingizwa golini dakika za mwisho kwa kazi hiyo tu, ameokoa mbili, Mbemba anakwenda, Mbemba amefunga. Nne kwa tatu! Nikaingia mbio gizani nikapaza sauti: “Tumeshinda!”

Kimya.

“Nani anasema?”

“Mimi. Mwalimu.”

“Basi tumefungwa,” ikajibu sauti kutoka benchi la mbele, na watu wazima wakaanza kulia. Walilia mpaka akatokea mtu wa pikipiki akipiga honi barabara nzima, akithibitisha maneno yangu.

Baada ya mechi ile kocha wa Nigeria, Éric Chelle, alilalamika kwamba mtu mmoja wa upande wa Kongo alikuwa akifanya uchawi wakati wa penalti. Lulimba ilichukia sana. Uchawi si tusi la kutushtua. Kilichouma ni kwamba Chelle alimpa sifa mtu aliyesimama Rabat, wakati kazi yote ilifanyika hapa, kwa kunitoa mimi nje.

Kombe la Afrika la Morocco likaja na makubaliano mapya. Kuna ubao wa ukuta ulioachia msumari, na baraza liliamua kwamba naweza kutazama kwa jicho moja kupitia tundu hilo, kwa kuwa jicho moja halihesabiwi. Kwa jicho hilo nilimwona Michel Kuka Mboladinga, yule shabiki aliyesimama mechi nzima bila kutikisika, mkono wa kulia juu, mfano wa sanamu ya Lumumba. Tuliifunga Benin, tukatoka sare na Senegal, tukaipiga Botswana matatu, na yeye amesimama tu. Bila shaka Lulimba haikukubali kuachwa nyuma. Mchimbaji mmoja kijana akapanda juu ya kreti ya bia kando ya televisheni, akanyoosha mkono. Waliokaa nyuma yake hawakuona hata kona moja, lakini hakuna aliyethubutu kumshusha.

Januari 6, 2026 ikawa Algeria. Bila kwa bila mpaka dakika za nyongeza. Dakika ya 118 mguu wa kijana ukashikwa na mkakamao, akashuka kwenye kreti, akauchuchumalia anausugua. Dakika ya 119 Boulbina akafunga. Kule Rabat Kuka alisimama mpaka mwisho, ndipo machozi yakamtoka; Amoura wa Algeria akamwigiza kwa kejeli, akajiangusha chini, baadaye akaomba radhi. Kwetu hakuna aliyekuwa na habari na Amoura. Nilibandika mdomo kwenye tundu nikafoka: “Nani alikuambia ushuke? Nani?” Nilimfokea kuliko watu wote, na sijapata raha kama ile tangu nianze kufundisha.

Mzee akainua mkono, watu wakatulia. Mguu wa kijana mwenye afya, akasema, haukamatwi hivihivi. Kuna jicho liliutazama. Na ni jicho la nani lililokuwa kwenye tundu?

Baada ya hapo ikabaki safari ya Mexico, Machi 2026: mechi moja tu, na mshindi kati ya Jamaica na New Caledonia, kisha Kombe la Dunia ambalo tulikuwa hatujalionja tangu mwaka ule wa tisa bila. Kikao kikakaa. Ilipendekezwa nipelekwe Misisi kwa pikipiki, lakini watu wa Misisi walipopata habari walituma neno kwamba wao nao ni Wakongomani. Kwa hiyo ikawa Kalemie, mkoa mwingine kabisa. Mchango ukaanza, wachimbaji wakatoa vizuri, na mweka hazina akaniarifu kwamba nauli ya kwenda imekwisha kutimia. Nilipomuuliza ya kurudi, alisema hilo litategemea matokeo.