Kabla Hujasema Ni Ungo

Ukiona moto unakatiza angani usiku, usihangaike kuutafutia jina. Kufikia asubuhi litakuwa limeshapatikana. Mzee atasema ni wachawi waliochelewa na ungo wao, kijana atasema ni kombora, na yule jirani anayejua kila kitu atasema ni ndege iliyoanguka nyuma ya mwembe wa shule. Wote watakuwa tayari kuapa. Mwongozo huu ni wako wewe uliyebaki mlangoni, hujui umwamini nani.

Anza kwa kuhesabu. Kimondo huingia kwenye angahewa kwa kasi ya kati ya kilomita 11 na 72 kwa sekunde, kwa hiyo mara nyingi hufiki tano kabla hakijakwisha. Kipande cha roketi au setilaiti iliyochoka huja kwa karibu kilomita 8 kwa sekunde, tena kwa mshazari. Kinaweza kukata anga kwa dakika nzima au zaidi, huku kikimeguka vipande vinavyofuatana, kila kimoja na mkia wake, kama msafara wa harusi wenye magari mabovu. Ukipata nafasi ya kumwita mkeo, akatafuta kandambili, akatoka nje na bado kipo, hicho si kimondo.

Kama hakimeguki, kinasogea taratibu bila mkia kisha kinafifia, ni setilaiti iliyo hai. Iache ifanye kazi. Nukta nyingi zilizojipanga mstari mmoja ni setilaiti za Starlink zilizorushwa karibuni. Taa nyekundu na kijani zinazomweka ni za ndege, na abiria wake hawajui kwamba huku chini wameshaombewa dua. Na ile taa nyeupe upande wa magharibi jua likishazama, isiyotikisika, mara nyingi ni sayari ya Zuhura. Imekuwa hapo wiki nzima, ila wewe ulikuwa unatazama simu.

Sasa turudi kwenye mwembe wa shule, maana hapo ndipo wengi hupotea. Vipande vya roketi na setilaiti zilizochoka hukatikakatika kwenye kimo cha kilomita 80 hivi. Kwa kimo hicho, mtu wa Dodoma anaweza kuona moto unaowaka juu ya Dar es Salaam, akauona chini kabisa, karibu na paa la jirani, akaapa kwamba umeangukia bondeni. Vijana watachukua tochi. Waache waende, watarudi na umande. Kishindo nacho, kikifika, huchelewa kwa dakika kadhaa. Ukisikia mlipuko papo hapo na mwanga, uliza kwanza nani ana sherehe.

Ila mara mojamoja jirani husema kweli. Tarehe 30 Desemba 2024, alasiri, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni nchini Kenya. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilifika, likasema kwa tathmini ya awali kwamba ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Na mwaka 1979, kituo cha angani cha Marekani, Skylab, kilipomwaga vipande vyake Australia Magharibi, halmashauri ya Esperance iliipiga NASA faini ya dola 400 kwa kutupa taka ovyo. Halmashauri zetu, zinazotoza ushuru hadi fungu la mchicha, zimelala wapi?

Basi ukikuta kitu kilichoanguka shambani, kitazame kwa mbali. Kikiwa na nati au maandishi, si kimondo. Kile cha Mbozi, mkoani Songwe, kina tani kadhaa na hakina nati hata moja. Usikiguse wala kukinusa, kwani tangi la roketi linaweza kuwa na mabaki ya haidrazini, ambayo ni sumu kali. Usimwite mnunuzi wa vyuma chakavu, ingawa huenda akafika kabla ya polisi. Kwa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1967, kitu kilichorushwa angani hubaki mali ya mwenyewe hata kikiangukia mihogo yako, na mkataba wa mwaka 1972 unaidai nchi iliyokirusha fidia ya hasara. Kwa hiyo hesabu mashina yaliyovunjika, piga picha, kisha waite polisi.