Macho Matatu, Chaji Asilimia Nne

Hongera, shoga, kwa kuhama Android. iPhone tumeiona, maana siku hizi kila picha unapiga mbele ya kioo: uso umefichwa, macho matatu yanatukodolea sisi. Ila Apple iliacha kuweka kichwa cha chaja kwenye boksi tangu 2020, na chako cha zamani ulimgawia mdogo wako pamoja na simu. Sasa kila ukienda ugenini, hata salamu hazijaisha: “Jamani, mna chaja ya iPhone?” Tena kwa sauti, wa jikoni wasikie. Na hiyo yako ni 15 Pro. Tangu toleo hilo la 2023 tundu ni Type-C, kama la Samsung za wenzio. Chomeka tu, shoga, ya Tecno inaingia.